Foleni ya Sare

Kuna mji mmoja mdogo. Barabara yake kubwa ni moja, na benki yake ni moja. Ukuta wa benki hiyo umegusana na ukuta wa duka la fundi cherehani. Fundi akipiga chafya, makarani wa benki husikia.

Fundi huyo watu humwita Mama Sare. Jina alilopewa na wazazi wake limebaki kwenye kitambulisho tu. Alianza kwa kushona sare za shule moja, zikawa mbili, na sasa shule zote za mji zinamtegemea yeye. Mumewe ni kinyozi, ana kibanda chake karibu na kituo cha basi. Wana watoto watatu, na wote wanasoma.

Mama Sare ni mchapakazi, mcheshi, na mdomo anao. Kasoro yake ilikuwa moja. Hakujua kuwapanga watu siku ya kutoa sare.

Kila shule zikikaribia kufunguliwa, wazazi humuuliza, "Tuje lini?" Naye huwajibu wote jibu lile lile: "Njooni Jumatatu." Basi Jumatatu wanakuja wote! Duka lenyewe ni dogo. Wakiingia watu watano, wa sita anabaki na mguu mmoja nje. Wengine hujipanga kwenye baraza. Baraza hilo ni refu, linapita mbele ya duka na kuendelea mpaka mlangoni kwa benki. Upande wa dukani jua linachoma. Upande wa benki kuna kivuli. Sasa hata ungekuwa wewe, ungesimama wapi?

Mlinzi wa benki ni mzee mwenye filimbi shingoni, kwa hiyo wanamwita Mzee Filimbi. Kila muhula alilalamika.

"Mama Sare, watu wako wameniziba mlango."

"Mzee wangu, si wanakusaidia kulinda? Leo pumzika."

Wakacheka, yakaisha. Laiti siku moja tu wangekaa chini na kulizungumza bila kucheka.

Sasa ikaja Jumatatu moja. Asubuhi, Mama Sare anahesabu vifungo vya shati, simu ikalia. Alikuwa wifi yake, dada mkubwa wa mumewe. Mama huyu ni mjane. Anaoka mikate nyumbani kwa tanuri la mkaa, kisha anaiuza mtaani kabla jua halijapanda. Watoto wa Mama Sare humwita Shangazi Mkate.

Shangazi Mkate alikuwa na jambo kubwa wiki hiyo. Mwoka mikate mzee wa mtaa wa pili alikuwa anaacha kazi. Alikuwa anauza kila kitu: chumba, meza, sinia, na tanuri kubwa la matofali ambalo mji mzima ulilimezea mate. Shangazi Mkate alikuwa ameshatanguliza sehemu ya malipo. Salio alitakiwa kulipa kabla ya Jumamosi. Asipolipa, mzee angemuuzia mtu mwingine, na kile alichotanguliza kingepotea. Ndivyo walivyokubaliana. Salio lote lilikuwa benki, akiba ya miaka mingi ya kuamka alfajiri.

"Wifi, umeamkaje?"

"Salama, wifi yangu. Mikate imetoka?"

"Imetoka na imeisha. Nataka kuja benki leo, nikatoe zile pesa za mzee. Hapo kukoje?"

Mama Sare akachungulia nje. Wazazi walikuwa wameshafika mlangoni kwa benki.

"Mh! Usije leo, wifi. Pamejaa, hata pa kukanyaga hakuna. Utapoteza siku bure. Njoo kesho."

"Una hakika?"

"Mimi si ndiye jirani yao? Njoo kesho, utaingia na kutoka."

"Haya. Wewe ndiye macho yangu huko."

Mama Sare akarudi kwenye vifungo vyake.

Ngoja kwanza niseme jambo moja. Siku chache kabla ya hapo, redio ilikuwa imetangaza kwamba benki moja ya mji mkuu imefilisika. Ilikuwa benki nyingine kabisa, isiyo na undugu na hii ya kwao. Lakini mwenye akiba moyo wake ni mwepesi. Watu walikuwa na wasiwasi, wanasubiri tu mtu wa kwanza aseme.

Na wa kwanza akasema. Alikuwa abiria wa basi. Basi lilipita barabara kubwa, naye akaona watu wamejaa mlangoni kwa benki. Aliposhuka kituoni akaingia kwa kinyozi kunyoa ndevu.

"Kumbe na kwenu kumeshaanza?" akauliza. "Nimeona watu wamejazana benki, wanagombea mlango."

Hakuna aliyegombea mlango. Walikuwa wanagombea kivuli. Lakini kinyozi hakuuliza zaidi. Alikuwa amefika katikati ya kichwa cha mteja mwingine, mashine ikamganda mkononi. Watu waliokuwa wanasubiri kwenye benchi wakatazamana, kisha wakatoka mbio. Hata yule wa nusu kichwa akatoka, amevaa kofia.

Kinyozi akampigia mkewe.

"Mama watoto, uko wapi?"

"Dukani. Nina watu."

"Achana na watu! Benki inaanguka. Watu wamejaa wanatoa pesa zao."

"Nani amekuambia?"

"Mji mzima unajua! Lisemwalo lipo. Wewe uko hapo hapo, halafu hujui? Nenda katoe zote. Ada za watoto zimo humo!"

Mama Sare akaweka mkasi chini. Akachungulia tena nje. Kweli, mlangoni kwa benki watu walikuwa wengi, na safari hii hawakuwa wazazi peke yao. Alimwona muuza vipuri. Alimwona mama wa nguo za mitumba, kitabu cha benki kakishika kifuani. Hakusimama hata kidogo kufikiri kwamba wengi wa wale watu walikuwa wake yeye, wanasubiri sketi na kaptula. Hofu ilishamshika.

"Jamani, subirini kidogo, nakuja," akawaambia wazazi. Akafunga duka kwa ndani, akapitia uani.

Duka na benki vinatumia ua mmoja. Siku ya sare Mama Sare alikuwa na desturi ya kupitia mlango wa nyuma wa benki kwenda kuomba chenji. Mzee Filimbi alimzoea. Akamfungulia bila swali.

Ndani kulikuwa na karani wa kike, kijana, mwenye miwani, aliyezoea kumhudumia.

"Chenji, Mama Sare?"

"Leo sitaki chenji, mdogo wangu. Nataka akiba yangu yote."

Karani akavua miwani. "Yote? Kuna tatizo?"

"Nipe tu. Usiniulize."

Ilikuwa haki yake. Karani akamhesabia. Mama Sare akazitia kwenye mfuko wa mabaki ya vitambaa, akageuka kwenda uani. Mlango wa nyuma umefungwa. Mzee Filimbi alikuwa ameitwa mbele kutuliza watu. Basi Mama Sare akatokea mlango mkubwa, mbele ya watu wote, amekumbatia mfuko wake kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa.

Mama wa mitumba ndiye aliyepiga kelele.

"Hee! Mmeona? Hata Mama Sare, jirani wa ukuta mmoja, anatoa! Kumbe ni kweli!"

Hapo hata wazazi waliokuja kwa sketi wakasahau sketi. Foleni ya sare ikawa foleni ya benki. Mwingine akakimbia nyumbani kuchukua kitabu, mwingine akampigia simu kaka yake. Filimbi ikapigwa mpaka mzee akaishiwa pumzi. Ilipofika alasiri, fedha taslimu zikaisha dirishani. Meneja akatoka, uso umemshuka, akafunga milango.

Na Shangazi Mkate je? Mama Sare hakumpigia simu. Hakufanya kwa ubaya. Alisahau. Alikuwa anawaza tu pa kuficha mfuko. Lakini aliyesahauliwa hasara yake haipungui kwa sababu ulisahau.

Kesho yake Shangazi Mkate akaja, amevaa gauni lake la kutokea na kilemba kipya. Akakuta mlango umefungwa. Juu yake kuna tangazo: "Benki imefungwa kwa muda. Amana zenu ziko salama. Tafadhali subirini taarifa." Akalisoma polepole, mara mbili. Kisha akageuka, akamwona Mama Sare kwenye mlango wa duka.

"Wifi, uliniambia nije leo."

"Nilikuambia, wifi."

"Ulijua?"

"Asubuhi sikujua. Haki ya Mungu sikujua."

"Na mchana?"

Mama Sare akashika tepu ya kupimia iliyokuwa shingoni mwake, akaanza kuizungusha kidoleni.

"Na pesa zenu ziko wapi?"

"Nilizitoa."

Shangazi Mkate akatikisa kichwa kidogo. Hakupiga kelele. Mama Sare alitamani angepiga kelele, angemtukana hata mbele za watu. Angepata la kujibu.

Jioni Shangazi Mkate akaenda kwa ndugu yake. Alikuwa amewaletea watoto mkate, kama kawaida yake. Akaketi, akasema moja kwa moja.

"Mdogo wangu, salio la mzee halizidi akiba mliyonayo. Nikopesheni mpaka benki ifunguliwe. Kitabu changu cha benki hiki hapa, kaeni nacho."

Kinyozi akakuna kichwa. "Dada, na benki isipofunguliwa?"

"Wamesema ni kwa muda."

"Wanasema tu. Nani anajua?"

Akamtazama mkewe, kama mtu anayemsukumia mwenzake mzigo. Mama Sare akatazama sakafu.

"Wifi," akasema, "hizi ni ada za watoto."

Ada zenyewe zilikuwa za muhula wa mbele. Za muhula huu zilikwisha kulipwa. Mama Sare alijua hivyo, na wifi yake alijua hivyo.

"Haya," akasema Shangazi Mkate. "Sikuja kugombana."

Akachukua kitabu chake, akaondoka. Mkate ukabaki mezani. Watoto wakaula, wazazi wao hawakuugusa.

Jumamosi ikafika, ikapita. Mzee mwoka mikate alisikitika, lakini mnunuzi mwingine alikuwa mlangoni na pesa mkononi. Huyo hakuwa na haja ya mikate. Alitaka stoo ya saruji. Wiki iliyofuata akaleta vijana wenye nyundo, wakalibomoa tanuri. Matofali yake meusi yakarundikwa kando ya njia. Kila Mama Sare alipokwenda kununua uzi, ilimbidi apite hapo. Akaanza kupita njia ya nyuma, yenye matope.

Na zile pesa nazo hazikumpa raha. Leo ziko chini ya robota la kitambaa, kesho ndani ya sufuria kuukuu, keshokutwa nyuma ya kabati. Kila mlango ukilia anashtuka. Hata mteja akiinama kuokota sindano, yeye anamtolea macho. "Mke wangu," kinyozi akamwambia, "utatufanya tutukanwe." Lakini naye, akirudi nyumbani, kitu cha kwanza ni kutazama nyuma ya kabati.

Siku moja yule karani wa benki akaja dukani kuchukua sare ya mwanawe. Hakukuwa na foleni. Mama Sare akamvutia kiti.

"Mdogo wangu, niambie kweli. Mlizipeleka wapi pesa za watu?"

Karani akatabasamu, lakini kwa uchovu. "Nikujibu kwa swali. Wazazi wa shule ya sekondari wameshakuletea vitambaa vyao?"

"Wameleta, siku nyingi."

"Viko wapi? Mbona rafu iko tupu?"

"Vingi nimeshakata. Vingine viko kwa mtu wa kudarizi nembo. Vizima vimebaki hivi vichache."

"Sasa wazazi wote wakija leo, saa hii, kila mmoja anataka kitambaa chake kizima, utawapa?"

"Niwape nini? Si nimekuambia vimekatwa!"

"Basi wewe ni mwizi."

"Mwizi mwenyewe!" Mama Sare akacheka kwa mara ya kwanza wiki hiyo. "Wanipe muda. Kila mtu atapata nguo yake, tena imeshonwa."

"Na benki iko hivyo hivyo," karani akasema. "Pesa mnazoweka hazikai zote kwenye kasha zikingoja. Sehemu tunaiweka taslimu, kwa wale wanaotoa kila siku. Sehemu kubwa tunawakopesha watu, nao wanarudisha kidogo kidogo pamoja na riba. Siku za kawaida, watu wachache wanatoa na wachache wanaweka, kila mmoja anapata chake. Lakini wote wakitaka zote kwa siku moja, hakuna benki inayoweza. Hata iwe nzima kiasi gani."

"Kwa hiyo mlifunga kwa sababu taslimu ziliisha, si kwa sababu pesa zimeibwa?"

"Hazikuibwa. Hii cherehani ya umeme, ulinunuaje?"

"Kwa mkopo. Si wa kwenu?"

"Pesa tulizokukopesha, ulidhani ni za meneja? Ni akiba za watu. Za muuza vipuri. Za mwalimu. Za wifi yako pia."

Mama Sare akautoa mguu kwenye pedali. Akaitazama ile mashine, akaitazama kwa muda mrefu.

"Lakini benki nyingine huanguka kweli," akasema. "Redio ilisema."

"Huanguka, sikatai. Ndiyo maana Benki Kuu hutuma wakaguzi. Sasa hivi wako ndani wanapitia hesabu zetu. Wakiona ni nzuri, tutapewa taslimu za muda, tufungue. Na kuna kitu kinaitwa bima ya amana. Benki ikianguka kweli, bima hiyo humlipa mwenye akiba, mpaka kiwango fulani."

"Sisi tunayo?"

"Tunayo. Ubao uko ukutani, karibu na dirisha langu."

"Mimi nimekuja pale miaka mingi kuomba chenji. Sijausoma hata mara moja."

"Wengi hawausomi. Mtu akifungua akaunti anapaswa kuuliza: Amana yangu ina bima? Hadi kiasi gani? Aulize siku ya amani, asingoje siku ya mbio."

Mama Sare akaikunja sare ya mtoto, akaifunga vizuri kwenye karatasi. Kisha akauliza kitu kilichomkaa rohoni.

"Na siku ile, nani alianza? Foleni ile ilitoka wapi?"

Karani akaanza kufuta miwani yake.

"Niambie, mdogo wangu."

"Asubuhi ile ndani tulikuwa na wateja wachache tu. Meneja aliona watu wengi nje, akashangaa. Akamtuma Mzee Filimbi awaulize wanataka nini." Karani akashusha sauti. "Wakamjibu wanataka sare."

Mama Sare aliliona baraza akilini, aliona jua upande huu na kivuli upande ule. Akamkumbuka yule abiria wa basi ambaye mumewe alimsimulia habari zake. Akajiona mwenyewe anatoka mlango mkubwa na mfuko kifuani. Halafu akaisikia sauti yake kwenye simu: "Njoo kesho." Akajifunika uso kwa ile tepu na viganja vyake, akalia. Karani akaacha pesa ya sare mezani, akatoka taratibu.

Watu husema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Kwa Mama Sare mjukuu huyo alikuja na godoro lake, akahamia kabisa.

Wakaguzi wakamaliza kazi. Redio ikatangaza kwamba hesabu za benki ni nzuri, na itafunguliwa Jumatano. Jumanne jioni Mama Sare akautoa mfuko nyuma ya kabati.

"Kesho tunarudisha," akamwambia mumewe.

"Ngoja kwanza wengine watangulie, tuone."

"Baba watoto, wengine wananitazama mimi. Waliniona natoa, wakatoa. Acha waone narudisha."

"Nitakusindikiza," akasema kinyozi.

Jumatano asubuhi foleni ilikuwa mpaka barabarani. Safari hii ilikuwa foleni ya benki kweli. Mama Sare akapita mbele, mfuko mkononi. Watu wakaguna.

"Wewe! Panga foleni!"

"Sitoi, jamani. Naweka."

"Unaweka?" Mama wa mitumba akatoa macho. "Umejua nini wewe?"

Mama Sare akasimama kwenye ngazi. Alikuwa ameandaa maneno mazuri, yote yakamtoka kichwani. Akasema tu yaliyobaki.

"Nimejua kwamba siku ile foleni ilikuwa yangu. Ilikuwa ya sare. Mtu aliiona kwenye basi, akadhani ni ya benki. Na mimi nikadhani hivyo hivyo, nikatoa zangu, nanyi mkaniona. Hakuna aliyeingia ndani kuuliza. Hata mimi, niliye mlango wa pili."

Wengine wakacheka. Muuza vipuri hakucheka.

"Nimekosa mzigo wa mwezi mzima kwa sababu yako, mama."

"Kwa sababu yangu," Mama Sare akajibu. "Sina la kujitetea. Nisamehe."

Akaingia kwa mlango mkubwa. Alipotoka, mfuko ulikuwa mtupu, ameukunja mkononi kila mtu auone. Baadhi ya watu wakaondoka kwenye foleni, wakaenda kwenye shughuli zao. Baadhi wakatoa kidogo tu, cha matumizi. Mama wa mitumba akatoa zote, na kesho yake akazirudisha, huku akimlaumu Mzee Filimbi.

Shangazi Mkate alikuwa kwenye foleni, amevaa lile gauni lake la kutokea. Zamu yake ilipofika, karani akamwambia, "Mama, akiba yako iko kamili, na riba yake. Nikuhesabie?"

Shangazi Mkate akaweka kitabu kwenye dirisha, asikiachie.

"Basi ziache humo," akasema. "Sina tena pa kuzipeleka."

Mama Sare alimsubiri kwenye baraza, upande wa kivuli. Akamshika mkono.

"Wifi, nimekukosea. Sikukupigia simu. Halafu ulikuja nyumbani kwangu, nikakunyima, na pesa ninazo. Na hata foleni yenyewe ilikuwa yangu."

"Nimesikia ulivyosema pale kwenye ngazi."

"Unisamehe."

"Wewe ni mke wa ndugu yangu, mama wa wanangu. Nisipokusamehe nitakupeleka wapi?" Shangazi Mkate akajaribu kucheka, kicheko hakikufika. "Lakini nikipita pale na kuona yale matofali, wifi, naumia. Sikufichi. Naumia sana."

"Nifanye nini?"

"Lile tanuri huwezi kulirudisha. Fanya hivi. Siku nyingine nikikuuliza jambo, kabla hujanijibu, toka nje ukatazame."

Tangu hapo mambo ya Mama Sare yakabadilika. Sasa kila darasa lina siku yake ya kuchukua sare. Wazazi husubiri uani kwenye mabenchi, chini ya turubai aliloliweka kinyozi kwa mkono wake mwenyewe. Dukani kuna ubao: "Foleni ya sare ni huku." Mzee Filimbi anausifu kila siku, ingawa anasema sasa amebaki mpweke. Na kibandani kwa kinyozi, mtu akileta habari za mji, swali la kwanza ni moja: "Umeona au umesikia? Uliingia ndani ukauliza?" Wengi hunyamaza, wakanyolewa.

Benki haikufungwa tena. Mama Sare na mumewe wakakubali kuwa wadhamini wa Shangazi Mkate. Akachukua akiba yake na mkopo mdogo, akanunua tanuri la bati, akapanga chumba kwenye kichochoro nyuma ya soko. Mikate yake ni mizuri, na inauzika. Lakini tanuri ni dogo, na kichochoroni wapita njia ni wachache. Kila alfajiri, akiwasha moto, hulikumbuka lile la matofali. Mama Sare naye hulikumbuka, ndiyo maana hupita kununua mikate miwili hata akihitaji mmoja.

Juzi, siku ya sare za darasa la kwanza, Mama Sare alikuwa na pini mdomoni na mtoto mbele yake anapimwa. Simu ikalia.

"Wifi, nataka kuja benki kulipa mkopo. Kuna watu?"

Mama Sare akatoa pini mdomoni. Jibu lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Akalimeza.

"Ngoja, wifi. Usikate simu."

Akamwacha mtoto amesimama na mkono mmoja wa shati. Akatoka nje, akatembea baraza lote mpaka mlangoni kwa benki, akachungulia ndani, akamuuliza na Mzee Filimbi.

"Wako watatu, wifi," akasema, akihema. "Na mmoja wao ni wangu, amekosea mlango. Njoo sasa hivi. Nakusubiri hapa hapa mlangoni."